Mafuta endelevu ya ndege: yanatengenezwaje, na nani hasa wanayatengeneza? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashirika ya ndege siku hizi hayaishi kutangaza SAF, yaani mafuta endelevu ya ndege. Yafuatayo ni maswali ambayo watu huuliza wakishasikia matangazo hayo. Mengine yanajibika kwa mistari miwili, mengine hayajibiki bila kuingia kiwandani.

SAF ni kitu gani?

Ni mafuta ya ndege ambayo hayakutokana na mafuta ghafi yaliyochimbwa ardhini. Mafuta ya kawaida ya ndege za jeti, yaitwayo Jet A-1, ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa: mchanganyiko wa molekuli za kaboni na haidrojeni, nyingi zikiwa na kaboni kati ya 8 na 16. SAF ni molekuli za aina hiyohiyo, ila zimetoka kwingine: mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, shahamu za machinjioni, ethanoli, mabaki ya mbao, takataka, hata hewa ya ukaa ikichanganywa na haidrojeni iliyopatikana kwa umeme. Sharti kubwa ni kwamba injini, matangi na mabomba ya uwanjani yabaki kama yalivyo. Mafuta yanayodai ndege ibadilishwe hayamo katika mazungumzo haya.

Yakiungua hayatoi hewa ya ukaa?

Yanatoa, tena karibu kiasi kilekile. Kilo moja ya mafuta ya jeti ikiungua hutoa takriban kilo 3.16 za hewa ya ukaa, na SAF haiko mbali na hapo. Tofauti iko kwenye asili ya kaboni hiyo. Kama imetoka kwenye mmea ulioivuta angani mwaka jana, inarudi ilikotoka. Kama imetoka kisimani, ni nyongeza mpya.

Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa safari nzima: kilimo au ukusanyaji, usafirishaji, nishati ya kiwandani, haidrojeni iliyotumika, mpaka kuungua. Mpango wa CORSIA wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unaohesabu hewa ya ukaa ya safari za ndege za kimataifa, unayapa mafuta ya kawaida gramu 89 za hewa ya ukaa kwa kila megajouli ya nishati. SAF iliyotokana na mafuta yaliyokwisha kukaangia imepewa gramu 13.9, punguzo la asilimia 84 hivi. Tangazo likisema "hadi asilimia 80", ujue linazungumzia malighafi za namna hiyo, si kila pipa linalouzwa kwa jina la SAF.

Mafuta machafu ya kukaangia yanageukaje kuwa mafuta ya ndege?

Njia hii, iitwayo HEFA, ndiyo inayotoa sehemu kubwa kabisa ya SAF iliyopo sokoni, kwa hiyo tuikalie kidogo.

Malighafi inafika kutoka mahotelini, kwenye viwanda vya vyakula na machinjioni ikiwa na maji, chumvi, makombo, fosforasi na chembechembe za metali. Kazi ya kwanza ni kuisafisha. Fosforasi na metali zikipita, zinaua kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia, na kichocheo kikifa kiwanda kinasimama. Mwenye mitambo inayoweza kumeza malighafi chafu zaidi ndiye anayenunua kwa bei nafuu zaidi, ndiyo maana idara hii isiyopigwa picha mara nyingi ndiyo inayoamua nani apate faida.

Molekuli ya mafuta ya kupikia ni mikia mitatu mirefu iliyoshikwa pamoja na kipande cha gliserini, na pale kwenye maungio kuna oksijeni. Oksijeni hiyo ndiyo isiyotakiwa. Mafuta yaliyosafishwa huingizwa kwenye mtambo wenye haidrojeni kwa shinikizo kubwa na joto la nyuzi 300 hadi 400, yakapita juu ya kichocheo ambacho kwa kawaida ni cha nikeli na molibdenamu. Mikia inakatika, gliserini inageuka gesi ya propani, na oksijeni inaondoka ikiwa maji au hewa ya ukaa. Kinachobaki ni minyororo iliyonyooka, mingi ikiwa na kaboni 15 hadi 18.

Ungedhani kazi imekwisha, lakini bado. Mnyororo ulionyooka wenye kaboni 18 huganda kwenye nyuzi 28 za Selsiasi. Ukiuacha mezani unakuwa mgumu kama mshumaa. Jet A-1 haitakiwi kuganda mpaka nyuzi 47 chini ya sifuri. Basi minyororo hiyo hupitishwa kwenye kichocheo cha pili, mara nyingi chenye platinamu, ambacho huikata iwe mifupi na kuitia matawi. Molekuli zenye matawi hazipangiki vizuri zikikaribiana, hivyo huganda kwenye baridi kali zaidi. Mwisho ni mnara wa kutenganisha: gesi hutoka juu, ikifuatiwa na nafta (mafuta mepesi ya jamii ya petroli), mafuta ya ndege, na dizeli upande wa chini.

Ila kila unapokata unapoteza. Vipande vingine vinakuwa vifupi mno na kuishia kwenye nafta na gesi, ambazo bei yake si ya kujivunia. Dizeli haidai kukatwa kiasi hicho. Kiwanda kilekile, kwa malighafi ileile, kinaweza kutoa dizeli nyingi zaidi kwa haidrojeni kidogo zaidi, na mwenye kiwanda atahangaika na mafuta ya ndege pale tu bei au sheria inapomfidia tofauti hiyo. Nusu ya siasa za SAF imejificha hapo.

Na ile njia ya pombe?

Huanza na ethanoli. Kwanza hunyang'anywa maji ikawa ethilini: kilo 46 za ethanoli hutoa kilo 28 za ethilini, na kilo 18 zilizobaki ni maji matupu. Ethilini ina kaboni mbili tu, kwa hiyo molekuli zake huunganishwa mpaka zifikie urefu wa mafuta ya ndege, zikaongezwa haidrojeni, kisha zikatenganishwa. Uzuri wake ni kwamba ethanoli ipo tele duniani na kuitengeneza ni kazi iliyozoeleka.

Anayetajwa zaidi ni LanzaJet, aliyezindua kiwanda Soperton, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, Januari 2024. Uwezo wake ni galoni milioni 10 kwa mwaka, sawa na lita milioni 38 hivi. Gevo, kampuni nyingine ya Marekani, ilianza na isobutanoli, pombe yenye kaboni nne, ambayo haihitaji kuunganishwa mara nyingi. Na LanzaTech, kampuni mama ambayo LanzaJet ilichomoka kwake, inafuga bakteria wanaokula gesi zinazotoka kwenye viwanda vya chuma na kutoa ethanoli. Mafuta yaliyotokana na ethanoli hiyo yalisafirisha ndege ya Virgin Atlantic kutoka Orlando kwenda London Oktoba 2018.

Je, takataka na mabaki ya mbao?

Hapa kemia ni ya zamani kuliko injini ya jeti yenyewe. Mwaka 1925 Wajerumani wawili, Franz Fischer na Hans Tropsch, walionyesha mjini Mülheim kwamba monoksidi ya kaboni na haidrojeni zikipitishwa juu ya kichocheo cha chuma au kobalti zinajijenga kuwa minyororo mirefu. Unachoma malighafi kwa oksijeni isiyotosha ili igeuke gesi hizo mbili badala ya kuungua, unaisafisha gesi, unaijenga kuwa nta, kisha unaikata nta iwe mafuta.

Kwamba inawezekana halina ubishi. Sasol ya Afrika Kusini imekuwa ikitengeneza mafuta hivyo kwa makaa ya mawe kwa miongo mingi, na mwaka 1999 ikapata kibali cha kuchanganya mafuta yake kwenye yale ya ndege. Ya makaa ya mawe si endelevu hata kidogo, lakini yalithibitisha kwamba injini haijali molekuli imetoka wapi.

Ugumu unaanza pale malighafi inapokuwa takataka za majumbani: leo mbichi, kesho kavu, keshokutwa zimejaa plastiki na vioo. Gesi inayotoka ni chafu na haitabiriki. Fulcrum BioEnergy ilijenga kiwanda cha aina hii karibu na Reno, Nevada, ikaungwa mkono na wawekezaji wakubwa, na Septemba 2024 ikaomba ulinzi wa kufilisika mahakamani. Mtu akikuambia takataka ni malighafi ya bure, mwulize gharama ya kuzigeuza gesi safi.

Mafuta ya umeme ni nini tena?

Umeme hutumika kupasua maji ili kupata haidrojeni. Hewa ya ukaa inakusanywa kiwandani au moja kwa moja kutoka hewani, inageuzwa monoksidi ya kaboni, na kuanzia hapo safari ni ileile ya Fischer na Tropsch. Hakuna shamba wala machinjio. Ndiyo njia ambayo kinadharia haina ukomo wa malighafi.

Kikwazo ni umeme wenyewe. Kilo moja ya mafuta ya ndege hubeba nishati ya karibu uniti 12, na kuitengeneza hudai uniti maradufu ya hizo au zaidi, kwa sababu kila hatua inapoteza kitu njiani. Umeme huo ukitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe, umefanya kinyume cha ulichokusudia. Viwanda vilivyopo ni vidogo: Werlte nchini Ujerumani tangu 2021, Ineratec huko Frankfurt kwa tani 2,500 kwa mwaka, Infinium huko Texas, na Twelve katika jimbo la Washington. Ni vya kuthibitisha kwamba mambo yanawezekana. Kujaza ndege za bara zima ni habari nyingine.

Sasa, nani hasa anatengeneza?

Si mashirika ya ndege. Hayo yananunua, yanasaini mikataba ya miaka mingi, na mengine yanaweka mtaji kidogo. Watengenezaji ni wasafishaji wa mafuta, wengi wao walewale wa siku zote, pamoja na wafanyabiashara wa shahamu ambao zamani hakuna aliyewajua.

Mkubwa ni Neste ya Finland, kampuni iliyoanzishwa 1948 kusafisha mafuta ghafi, ambayo mpaka leo serikali ya nchi hiyo ndiyo mwenye hisa nyingi kuliko wengine. Ina viwanda Porvoo, Rotterdam na Singapore, na upanuzi wa Singapore uliokamilika 2023 uliipa uwezo wa kutoa hadi tani milioni 1 za SAF kwa mwaka kutoka kiwanda hicho kimoja.

Marekani, mfano unaofundisha zaidi ni Diamond Green Diesel. Ni ubia wa Valero, msafishaji wa petroli, na Darling Ingredients, kampuni ya kukusanya shahamu na mabaki ya nyama. Mmoja ana mitambo, mwingine ana malighafi. Mwishoni mwa 2024 walikamilisha mitambo ya kugeuza sehemu ya dizeli yao ya Port Arthur, Texas, kuwa mafuta ya ndege. Wapo pia Phillips 66 huko Rodeo, California, na Montana Renewables huko Great Falls. Ulaya kuna Eni yenye kiwanda cha Gela, Sicily, TotalEnergies ya Ufaransa, na Repsol ya Uhispania huko Cartagena. China imeingia kwa kishindo, na Sinopec ni mmoja wa watengenezaji wake. Nchi hiyo ina kitu ambacho wengine wanakitamani, yaani mafuta mengi yaliyokwisha kukaangia.

Nyuma yao kuna kundi lisilouza tone la mafuta: Honeywell UOP, Topsoe, Axens, Johnson Matthey. Hawa huuza teknolojia, vichocheo na leseni. Ukiona tangazo la kiwanda kipya popote duniani, kuna uwezekano mkubwa jina mojawapo kati ya hayo limo kwenye mkataba.

Na si kila aliyeanza amemaliza. Shell ilisimamisha ujenzi wa kiwanda chake cha Rotterdam, kilichokusudiwa kutoa tani 820,000 za mafuta ya aina hii kwa mwaka, Julai 2024, na mwaka uliofuata ikatangaza kwamba haitaendelea nacho.

Kwa nini bado ni kidogo hivi?

Kwa makadirio ya IATA, chama cha mashirika ya ndege, mwaka 2024 dunia ilitengeneza takriban tani milioni 1, asilimia 0.3 ya mafuta yote ya ndege yaliyotumika.

Watu wengi hudhani tatizo ni teknolojia. Kwa maoni yangu, teknolojia ndiyo sehemu iliyokwisha kutatuliwa zaidi. Kinachokosekana ni malighafi inayofaa, kwa wingi, mahali pamoja. Mafuta ya kukaangia hayaongezeki kwa sababu ndege zinayahitaji. Yanaongezeka watu wakikaanga zaidi. Na ndege zinayagombea pamoja na malori, meli na viwanda vya sabuni. Njia ya HEFA imekomaa lakini ina dari, na dari hilo liko karibu. Njia zisizo na dari ndizo ambazo hazijakomaa.

Kwa nini yanachanganywa na ya kawaida? Si yatumike matupu?

Kwa sasa kikomo kwa njia nyingi ni asilimia 50. Sababu kuu ni aromatiki, kundi la molekuli za umbo la pete zilizomo kwenye mafuta ya kawaida. SAF nyingi hazina. Pete za mpira zinazoziba maungio ya mabomba ya mafuta, hasa kwenye ndege za zamani, zimezoea kuvimba kidogo kwa aromatiki hizo. Zikikosekana, mpira unasinyaa na mafuta yanaweza kuvuja. Uzito nao una mpaka wake, kwa kuwa SAF ya HEFA ni nyepesi kidogo kuliko kiwango kinachotakiwa.

Hata hivyo majaribio yamefanyika. Tarehe 28 Novemba 2023 ndege ya Virgin Atlantic aina ya Boeing 787 iliruka kutoka London hadi New York kwa SAF tupu. Siri yake ilikuwa kwenye mchanganyiko: asilimia 88 ilikuwa HEFA, na asilimia 12 aromatiki zilizotengenezwa kwa sukari za mimea.

Nani anathibitisha kwamba ni salama?

ASTM International, shirika la kuweka viwango vya ubora, kwa kiwango chake cha D7566. Kila njia huandikiwa kiambatisho chake baada ya majaribio marefu ya maabara na injini: ya Fischer na Tropsch 2009, ya HEFA 2011, ya pombe 2016. Mafuta yakishachanganywa na kupimwa, kisheria yanakuwa mafuta ya ndege ya kawaida. Hakuna bomba maalumu wala lori lenye rangi tofauti. Oslo ilikuwa ya kwanza kuyaingiza kwenye mabomba ya pamoja ya uwanja, Januari 2016.

Hayataleta njaa kwa kula mashamba ya chakula?

Inategemea sheria unayosimamia. Umoja wa Ulaya haukubali mazao ya chakula na malisho yahesabiwe kwenye lengo lake la SAF. Marekani inaruhusu mahindi na soya. Na hesabu za CORSIA zinauma: ethanoli ya mahindi ya Marekani ikigeuzwa mafuta ya ndege kwa njia ya kawaida, na ukihesabu athari ya ardhi inayobadilishwa matumizi, inafika gramu 90.8 kwa megajouli. Hiyo imezidi 89 ya mafuta ya visukuku. Wakulima wa huko wanazibishia hesabu hizo, na ubishi huo haujaisha.

Wakubwa watakumbuka pia homa ya mbono kaburi. Mwishoni mwa 2008 Air New Zealand ilirusha Boeing 747 huku injini moja ikitumia mchanganyiko wa mafuta ya mbegu hizo, na wawekezaji wakakimbilia ardhi katika mabara matatu kwa ahadi kwamba mmea huu unazaa vizuri kwenye ardhi mbovu isiyo na maji. Kwenye ardhi mbovu ulizaa vibaya. Tangu hapo, kila nikisikia zao la ajabu lisilohitaji rutuba, huomba kwanza kuona mavuno.

Je, hakuna udanganyifu kwenye mafuta "yaliyotumika"?

Kishawishi kipo, kwa sababu ruzuku na sheria zinaweza kuyafanya mafuta machafu yawe ghali kuliko mapya ya mawese. Hapo mtu anaweza kuchafua mafuta mapya kidogo na kuyauza kama ya zamani, na maabara hazibaini kwa urahisi. Ndiyo maana kuna vyeti vya mifumo kama ISCC na RSB, vinavyofuatilia mzigo tangu ulipokusanywa. Cheti kina nguvu sawa na ukaguzi ulio nyuma yake.

Yanagharimu kiasi gani?

Kwa kawaida mara mbili hadi tano ya mafuta ya kawaida, ya umeme yakiwa juu zaidi. Kwa HEFA, gharama kubwa ni malighafi. Kwa njia ya takataka na mbao, gharama kubwa ni kujenga kiwanda chenyewe.

Kama ni ghali hivyo, nani anawalazimisha kununua?

Ulaya, sheria. ReFuelEU inawataka wauzaji wa mafuta wawe na SAF asilimia 2 mwaka 2025, 6 mwaka 2030, 20 mwaka 2035, na kuendelea hadi 70 mwaka 2050, ambapo nusu yake lazima iwe ya umeme. Asiyetimiza anapigwa faini isiyopungua mara mbili ya tofauti ya bei, na bado anadaiwa upungufu huo mwaka unaofuata. Kuna kipengele kingine nakipenda kwa ujanja wake: ndege lazima ijaze Ulaya walau asilimia 90 ya mafuta inayohitaji kwa safari zinazoanzia huko kwa mwaka, ili isijaze tangi nje kwa bei rahisi na kukwepa gharama. Uingereza ina sheria yake, asilimia 2 mwaka 2025 na 10 mwaka 2030. Marekani imependelea nafuu ya kodi badala ya amri.

Nikilipia nyongeza ya SAF kwenye tiketi, yanaingia kwenye ndege niliyopanda?

Huenda hata tone lisiingie. Mafuta yanaweza kuwa yametiwa kwenye uwanja ulio karibu na kiwanda, maelfu ya kilomita kutoka ulipo, na wewe ukapewa haki ya kudai punguzo la hewa ya ukaa. Kuyasafirisha kwa meli ili yafike kwako kungeongeza uchafuzi bure, kwa hiyo utaratibu huo una mantiki yake. Cha kuuliza ni mawili: malighafi ilikuwa nini, na je, punguzo hilohilo halijauzwa kwa mwingine au kutumiwa kutimiza asilimia ambayo sheria ilikuwa imekwisha kudai? Kwa hali hiyo ya mwisho, pesa yako haijaongeza hata lita moja.

Yanapunguza ile mistari meupe angani?

Ndiyo, na hili halizungumzwi vya kutosha. Mistari hiyo ni fuwele za barafu zinazojengeka juu ya masizi, na masizi mengi hutokana na aromatiki. Utafiti uitwao ECLIF3, wa kituo cha anga cha Ujerumani DLR pamoja na Airbus, Rolls-Royce na Neste, ulipima nyuma ya Airbus A350 iliyotumia SAF tupu na kukuta fuwele zimepungua kwa asilimia 56. Mistari inayodumu hunasa joto, kwa hiyo faida hiyo inakuja juu ya ile ya hewa ya ukaa.

Naweza kuyatia kwenye gari langu?

Injini ya petroli, hapana. Ya dizeli pengine itawaka, ila utakuwa umenunua mafuta ya bei mbaya kwa kazi ambayo dizeli itokayo mnara uleule inaifanya vizuri zaidi.